Kupanga meza yako ya kazi ndani ya Photoshop: toa kwanza, kuongeza baadaye

Nikikalishwa kwenye kompyuta ya mtu nikafungua Photoshop yake, sihitaji kuona picha alizotengeneza ndo nijue anateseka kiasi gani, naangalia tu upande wa kulia. Utakuta paneli ya rangi imekaa juu kabisa imejinafasi kama mgeni rasmi na jamaa tangu mwaka uanze hajaigusa, afu Leya (kwenye skrini ni Layers, zile tabaka zinazopangwa kuunda picha) ambazo ndo kazi yake ya kutwa nzima zimesukumwa chini huko zinaonekana mbili na nusu, anapanda anashuka na mausi utadhani anachota maji kisimani. Ukimuuliza anakwambia ilikuja hivyo hivyo. Ni kweli ilikuja hivyo, ila waliopanga ile meza hawajui we unafanya kazi gani, wamejaribu kuwakalisha pamoja mchoraji, mtu wa mabango, mpiga picha wa harusi na anayetengeneza aikoni za simu, na meza ya watu wote mara nyingi haimfai hata mmoja.

Photoshop yenyewe inaita Workspace, mi hapa nitaita meza tu. Majina ya menyu nayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini yako ili usitafute kitu ambacho hakipo. Vitufe nataja vya Windows, wa Mac akiona Ctrl ajue ni Command, akiona Alt ajue ni Option. Nitakayosema ni ya matoleo ya CC (Creative Cloud) kuja mpaka haya ya sasa, kama bado uko CS6, lile toleo la kabla ya CC, mengi utayakuta ila si yote, nitakwambia penye tofauti.

Anza na kipande cha karatasi

Usiguse mausi bado. Chukua karatasi weka pembeni ya kibodi, fanya kazi zako za kawaida nusu siku, kila ukifungua paneli au ukichukua zana unaweka kijistari, basi. Najua unaona kama napoteza muda wako, mi mwenyewe nilivyofanya mara ya kwanza niliona utoto, mpaka nilipohesabu. Kwenye picha za pasipoti, siku nzima, wateja kumi na kitu, nilikuwa nagusa vitu sita: zana ya kukata, brashi ya kuondoa madoa, zana ya kuchagua, paneli ya Leya, paneli ya Properties, na Actions (hatua ulizorekodi zijifanye zenyewe) ya kupanga picha kwenye karatasi moja. Vitu sita! Na skrini yangu ilikuwa na paneli kumi na mbili zimefunguka.

Kwenye harusi orodha inabadilika, inaingia History ya kurudi hatua za nyuma, inaingia Histogram, ile grafu ya mwanga wa picha, brashi za aina mbili tatu, Dodge na Burn za kung'arisha na kutia giza. Kwahiyo usitengeneze meza moja ya kila kitu, tengeneza moja kwa kila kazi inayokuingizia hela. Mi ninazo mbili, kuna mtu anahitaji tatu, ukifika tano jua ushaanza kucheza.

Ipe jina kabla hujaivuruga

Watu wengi wanapanga weee wakimaliza ndo wanakumbuka kusevu, au hawakumbuki kabisa. Mi nasevu mwanzo. Nenda juu kwenye Window, chagua Workspace, kwenye orodha bonyeza Essentials, hiyo ndo meza ya kiwandani, afu rudi palepale bonyeza Reset Essentials ili uanze na kitu kisafi. Sasa Window, Workspace, New Workspace. Inakuja boksi ndogo inakuuliza jina, andika la kazi, mfano PASIPOTI au HARUSI, usiandike jina lako kwa sababu kesho utakuwa na meza mbili na jina lako ni moja.

Chini ya jina kuna viboksi vitatu vya kuweka tiki: Keyboard Shortcuts, Menus na Toolbar. Hapa ndo wengi wanapigwa. Mahali paneli zilipokaa panasevika hata usipoweka tiki yoyote, lakini mpangilio wa zana za kushoto, vitufe ulivyobadilisha na menyu ulizoficha havisevuki ndani ya meza hiyo mpaka uweke tiki. Ushauri wangu weka tiki ya Toolbar, ya Menus weka kama utaficha vitu kwenye menyu, ya Keyboard Shortcuts iache. Sababu ni kwamba ukiwa na meza mbili zenye vitufe tofauti vidole vyako vitachanganyikiwa, unabonyeza J ukiwa HARUSI inakupa kitu kimoja, ukiwa PASIPOTI inakupa kingine, ni mateso. Vitufe viwe vilevile kila mahali, meza ndo ibadilike.

Toa

Sasa kazi yenyewe. Shika karatasi yako, kila paneli ambayo haina kijistari hata kimoja inaondoka. Raiti kliki kwenye jina la paneli kule juu, chagua Close. Kama kundi zima la paneli halina kazi chagua Close Tab Group, zinaondoka zote kwa mpigo. Usiogope, hakuna kinachofutwa hapo, kila paneli iko kwenye menyu ya Window, ukiihitaji siku moja kwa mwaka unaiita inakuja unaifunga inaondoka.

Nikwambie ambazo kwa mtu wa picha huwa naondoa bila kuuliza. Color, Swatches, Gradients na Patterns, kundi lile zima linaondoka, ukitaka rangi bonyeza kile kiboksi cha rangi chini ya zana inafunguka dirisha lake. Libraries, hii inataka uwe umeingia na akaunti na intaneti, kwa sisi wa bando la wiki ni mzigo tu. Navigator, ukishika kitufe cha spesi na kuvuta picha kwa mausi unaenda popote unapotaka, ya nini kuweka ramani pembeni. Paths, kama hukati vitu kwa Pen haina kazi kwako. Channels mi naiacha kwenye HARUSI naitoa kwenye PASIPOTI.

Adjustments ndo watu wananibishia. Ina vitufe vizuri vya kurekebisha mwanga na rangi, Curves, Levels na wenzao, lakini angalia chini kabisa ya paneli ya Leya, kuna kiduara nusu cheupe nusu cheusi, bonyeza uone, orodha ni ileile na iko karibu na mkono wako. Kwahiyo Adjustments inaondoka, Properties inabaki, maana Properties ndo unapovutia ile Curves yenyewe ukishaiweka.

Kama unatumia matoleo ya kuanzia 2023 kuna kile kibao kinaelea katikati ya picha kinakufuata kila unapoenda kinakuuliza unataka uchague nini, kinaitwa Contextual Task Bar. Kuna wanaokipenda. Mi kinanikalia usoni kwa mteja, yaani kwa picha ya mteja, kila nikitaka kugusa kidevu kipo. Bonyeza vidoti vitatu vyake kuna kukificha na kuna kukibandika sehemu moja, au nenda Window ukitoe tiki yake.

Na ukiwa kwenye kutoa toa na hivi viwili. Bonyeza Ctrl+K, linafunguka dirisha la Preferences, kwenye General ondoa tiki ya Auto Show the Home Screen, ule ukurasa wa nyumbani unaokuja kila ukifunga picha. Palepale nenda Tools uondoe Show Rich Tooltips, zile katuni zinazochezacheza kila ukiweka mausi juu ya zana, kwenye mashine dhaifu ni kero, na we zana zako unazijua.

Panga zilizobaki

Paneli unaihamisha kwa kushika jina lake na kuivuta. Angalia rangi ya bluu, huo ndo ufunguo wa mambo yote: ukivuta juu ya kundi lingine na kundi lote likazungukwa na bluu, paneli itaingia ndani ya kundi hilo kama kurasa za kitabu. Ukiona mstari wa bluu umelala kati ya makundi mawili, itakaa hapo kama ghorofa, juu yake mwingine chini yake mwingine. Ukiona mstari wa bluu umesimama pembeni, inatengeneza safu mpya. Ukiachia kabla ya bluu kutokea inabaki inaelea. Na kama unataka ielee kweli ila yenyewe inang'ang'ania kujibandika, shika Ctrl huku unavuta, haitajibandika popote.

Mpangilio wangu wa laptopu, skrini ya 1366 kwa 768 ambayo naamini nusu yenu mnayo: safu moja tu kulia. Juu Properties, chini Leya, na Leya inapewa nafasi yote iliyobaki. Properties ikiwa haina kazi naibofya mara mbili kwenye jina lake inajikunja inabaki kichwa tu, Leya zinapanda juu, nikiihitaji naibofya mara mbili tena. Pembeni ya safu hiyo, upande wa kuelekea kwenye picha, kuna kisafu chembamba cha aikoni tupu: History, Actions, Histogram. Safu yoyote unaigeuza aikoni kwa kubofya vile vimishale viwili kwenye kona ya juu yake, na ukivuta ukingo wake unaibana zaidi mpaka maneno yapotee ibaki picha ya aikoni peke yake.

Sasa hapa kuna kitu kidogo chenye raha. Raiti kliki kwenye kichwa cha safu ya aikoni uweke tiki Auto-Collapse Iconic Panels. Kuanzia hapo ukibonyeza aikoni ya History inafunguka, unachagua hatua unayorudi, ukigusa picha tu inajifunga yenyewe. Bila hiyo tiki unafungua tatu nne zinabaki zimefunika picha na we unaanza kuzifunga mojamoja kama mtu anafunga madirisha mvua imeshaanza.

Leya zenyewe nazo zina marekebisho. Kwenye kona ya paneli ya Leya kuna mistari midogo, bonyeza, chagua Panel Options. Chagua ukubwa wa vipicha, mi naweka kile kidogo kabisa chenye kuonekana kwenye laptopu, kwenye skrini kubwa naweka cha kati. Humohumo ondoa tiki ya kuongeza neno copy kwenye kila leya unayoirudufu, maana utajikuta na leya inaitwa Background copy copy 3 na hujui ipi ni ipi.

Kama una skrini ya pili, hata ile ya zamani ya mraba uliyonunua mtumba, peleka Leya, History na Properties huko, picha ibaki peke yake kwenye skrini nzuri. Ila hiyo isevu kwa jina lingine kabisa, mfano HARUSI MBILI, kwa sababu siku ukichomoa ile skrini ukaenda na laptopu ukumbini, ukifungua HARUSI MBILI paneli zinaweza kubaki kule kwenye skrini ambayo haipo.

Zana za kushoto

Hapa wa CS6 mtanisamehe, kupanga upya zana kulikuja kwenye CC mwishoni mwa 2015. Nenda Edit, chini kabisa chagua Toolbar. Dirisha lina pande mbili, kushoto zana zinazoonekana, kulia ni stoo inaitwa Extra Tools. Vuta kutoka kushoto kwenda kulia kila ambacho karatasi yako haijakitaja. Slice, Note, Count, Ruler, zana za maumbo, zinaenda stoo zote. Zikiwa stoo bado unazipata kwa kushikilia vile vidoti vitatu chini ya zana, hazijafa.

Ila faida kubwa ni kutenganisha makundi. Photoshop imefungia zana za kuondoa madoa zote kwenye tundu moja, unashikilia mausi unasubiri orodha itoke ndo unachagua. Kwenye dirisha hilihili unaweza kuvuta Patch ikatoka kwenye kundi ikasimama peke yake, ukapata Spot Healing Brush na Patch zote mbili zipo wazi zinakutazama. Ukiwa na zana kumi tu huna haja ya makundi kabisa. Angalia na kile kiboksi cha Disable Shortcuts for Hidden Toolbar Extras, ukikiwekea tiki vitufe vya zana zilizoko stoo vinakufa, kwahiyo ukibonyeza herufi kwa bahati mbaya hujikuti umeshika zana ya ajabu. Mi nimekiwekea.

Na kama umeacha makundi, Ctrl+K, Tools, ondoa tiki ya Use Shift Key for Tool Switch. Kawaida ili uzunguke ndani ya kundi unabonyeza Shift na herufi, ukiiondoa tiki herufi peke yake inazungusha. Kuna wanaochukia hii maana wanabonyeza J, herufi ya zana za madoa, wakiwa tayari wameshika zana ya J, inahama kwenda nyingine, jaribu wiki moja uone uko upande gani.

Vitufe, na Actions kama vitufe

Sitakaa sana kwenye vitufe, kila mtu na vidole vyake. Vya kupanga meza jua hivi: F7 inaita na kuficha Leya, Tab inaficha kila kitu ubaki na picha, Shift+Tab inaficha paneli za kulia ila zana zinabaki, F inazungusha aina za skrini mpaka unabaki na picha tupu kwenye weusi. Ctrl+0 picha ienee kwenye skrini, Ctrl+1 uione kwa asilimia 100. Kwenye laptopu nyingi F7 imegawana kitufe na sauti au mwanga, kwahiyo shika Fn pamoja nayo. Ukitaka kubadilisha vyako ni Ctrl+Alt+Shift+K, ukibadilisha sevu seti yako kwa jina, usiandike juu ya ile ya kiwandani.

Actions ndo nataka uikazie macho. Ukishakuwa na Actions zako zilizokamilika, ya kupunguza saizi kwa ajili ya WhatsApp, ya kupanga picha nane kwenye karatasi, ya kuweka jina la studio kwenye kona, fungua menyu ya paneli ya Actions weka Button Mode. Zinageuka vitufe vikubwa vya rangi, na rangi unachagua we mwenyewe kabla, kwenye Action Options. Mi ya kuprinti ni nyekundu, za kutuma ni kijani. Kijana wa dukani ambaye hajui Photoshop kabisa anaweza kubonyeza kijani na kazi ikaenda. Ukiwa kwenye Button Mode huwezi kurekodi wala kurekebisha, toa tiki kwanza, nasema maana utakuja kuitafuta ile alama ya kurekodi mpaka uone imeibiwa.

Rangi ya meza yenyewe

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndo picha za watu wetu zinapoharibikia, na hakuna anayehisi kwamba ni suala la kupanga meza.

Photoshop inakuja na sura ya giza. Ni nzuri machoni, inaonekana ya kitaalamu. Sasa jicho la mtu halipimi mwanga kama mashine, linalinganisha na kilicho pembeni. Ukizungushia picha weusi, picha inaonekana ina mwanga kuliko ilivyo. Unaangalia sura ya bibi harusi, mtu wa rangi yake ya maji ya kunde, unaona mbona amewaka vizuri, pengine unashusha kidogo. Unapeleka kuprinti, karatasi ni nyeupe, pembeni pake ni peupe, sura inatoka imezama, macho hayaonekani, mama mkwe anauliza kwani mlipiga usiku. Na kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyoumia zaidi, kwa sababu maelezo yote ya uso yako kule chini kwenye vivuli, ukikosea kidogo tu yanayeyuka.

Kwahiyo: Ctrl+K, Interface, zipo rangi nne za mandhari, kama unaediti picha za kuprinti chagua ile kijivu ya tatu kutoka kwenye giza, si nyeupe sana si nyeusi. Ukiona paneli zinakuumiza macho zikiwa hivyo, acha paneli giza, afu raiti kliki kwenye eneo tupu linalozunguka picha, sio juu ya picha yenyewe, chagua Medium Gray au Light Gray. Hiyo inabadilisha eneo la kuzunguka picha peke yake. Unapokuwa kwenye skrini nzima kwa F nako raiti kliki uchague kijivu, maana pale inakuja nyeusi. Na mwanga wa laptopu wenyewe usiuweke mwisho kabisa usiku taa zimezimwa, hakuna kijivu kitakachokuokoa na hilo.

Humohumo kwenye Interface kuna UI Scaling na UI Font Size. Kama maandishi yamekuwa madogo kama sisimizi kwenye skrini mpya yenye nukta nyingi, hapo ndo pa kuyakuza, ila uzime programu uiwashe tena ndo uone mabadiliko. Wa skrini ndogo fanya kinyume, weka Small. Angalia pia upande wa Windows wenyewe, kama umewekwa kukuza kwa asilimia 125 kwenye skrini ya 1366, unapoteza nafasi nyingi sana kabla hata Photoshop haijafunguka.

Picha moja, madirisha mawili

Hii naionea huruma kwamba watu hawaijui. Unasafisha uso umezumu karibu sana, chunusi, vinyweleo, jasho la ukumbini, unaona unafanya kazi safi, ukirudi mbali uso umekuwa kama plastiki ya ndoo. Dawa ni kuona karibu na mbali kwa wakati mmoja. Picha ikiwa imefunguka nenda Window, Arrange, chini kabisa kuna New Window for na jina la faili lako. Sio kopi, ni picha ileile kupitia dirisha lingine. Afu Window, Arrange, 2-up Vertical. Moja iache kwa Ctrl+0, nyingine izumu asilimia 200 ufanyie kazi, kila unachogusa huku kinaonekana kule. Ukimaliza funga moja, au chagua Consolidate All to Tabs zirudi kwenye mstari.

Sevu tena, afu funga kufuli

Ukishapanga ukaridhika, rudi Window, Workspace, New Workspace, andika jina lilelile la mwanzo, tiki zilezile, itakuuliza kama ubadilishe iliyopo, kubali. Watu wanasahau hapa: Photoshop inakumbuka ulivyosogeza vitu hata bila kusevu, kwahiyo unadhani imesevika, siku ukibonyeza Reset inakurudisha kwenye ile ya asubuhi iliyokuwa bado imejaa takataka.

Afu Window, Workspace, Lock Workspace. Hii ilikuja kwenye toleo la CC 2019. Inazuia paneli zisivutwe kwa bahati mbaya, na kwa wanaotumia kalamu ya kuchorea au tachipadi mbovu ni mkombozi. Ukitaka kusogeza kitu toa tiki, sogeza, sevu, rudisha.

Studio niliyoanzia kazi tulikuwa watatu kompyuta moja na akaunti moja ya Windows. Kila asubuhi unakuta mwenzako wa jana jioni kapeleka Leya kushoto, zana kaziweka safu mbili, na mteja yuko kwenye stuli ana haraka anataka kuwahi basi. Tulikuwa tunagombana kila siku mpaka tulipokubaliana kila mtu na meza yake kwenye orodha, na ukikaa tu kwenye kiti unachagua yako unabonyeza Reset, sekunde tatu, kila kitu kipo kwako. Reset si ya dharura tu, izoee kama kufuta meza kabla ya kuanza kazi.

Kuhama nayo

Meza ulizosevu ni mafaili tu. Kwenye Windows ziko ndani ya folda ya mtumiaji wako, AppData, Roaming, Adobe, afu folda yenye jina la toleo lako la Photoshop, ndani yake Settings, humo kuna folda mbili: WorkSpaces na WorkSpaces (Modified). AppData imefichwa, kwahiyo ruhusu kwanza Windows ioneshe vitu vilivyofichwa, au andika %appdata% kwenye upau wa anwani wa folda ubonyeze Enter, inakupeleka Roaming moja kwa moja. Nakili iliyoko WorkSpaces uiweke kwenye flashi au jitumie kwenye imeili. Ile ya Modified ndo kumbukumbu ya vurugu zako ambazo hujasevu, iache. Ukiwa unaipeleka kwenye mashine mpya funga Photoshop kwanza, weka faili, ndo uiwashe. Vitufe vinasevika kwa faili lenye mwisho wa kys, Actions zinasevika kwa menyu yao ya Save Actions zinapata mwisho wa atn, usizisahau, meza bila Actions zake ni meza ya wali bila mboga.

Vimekupotea?

Paneli zote zimepotea ghafla: umegusa Tab, iguse tena. Menyu ya juu imepotea: umegusa F, endelea kugusa F mpaka irudi. Upau wa mipangilio ya zana pale juu haupo: Window, weka tiki Options. Zana za kushoto hazipo: Window, mwisho mwisho huko, Tools. Brashi imekuwa kijimsalaba haioneshi duara: Caps Lock imewaka, hii imewahi kumfanya mtu aninunulie soda nikabonyeza kitufe kimoja tu. Kipengele cha menyu hukioni: mtu amekificha, shuka chini ya menyu hiyo uone Show All Menu Items.

Kama imegoma kabisa, paneli zinapepesa, zana zinafanya vituko, zima Photoshop, iwashe tena huku umeshikilia Ctrl+Alt+Shift mapema kabisa, itakuuliza kama ufute mipangilio. Kabla hujakubali nakili ile folda ya WorkSpaces pembeni na sevu Actions zako, nimeona watu wanalia kwa hili.

Wa GIMP

Sijawasahau nyie mnaotumia GIMP, programu ya bure ya kuediti picha, na kwa studio ndogo isiyotaka kulipia leseni kila mwezi GIMP inatosha kazi nyingi. Ikifunguka vipande vipande nenda Windows uweke tiki Single-Window Mode. Paneli zake ziko kwenye Windows, Dockable Dialogs, unazivuta na kuzibandika kwa mtindo uleule, Tab inaficha vilevile. Kasoro yake ni kwamba haina meza zenye majina. Mpangilio wote unakaa kwenye faili moja linaitwa sessionrc, ndani ya AppData, Roaming, GIMP, kwenye folda yenye namba ya toleo, 2.10 au 3.0. Kwahiyo mi napanga ya pasipoti, nafunga programu, nanakili sessionrc naiita sessionrc-pasipoti, napanga ya harusi nafanya hivyo hivyo, nikitaka kubadilisha nabandika ninayoitaka na kuirudishia jina la sessionrc kabla sijaiwasha. Ni ya kienyeji ila inafanya kazi. Na kwenye Preferences, sehemu ya Window Management, ukishapanga vizuri bonyeza kitufe cha kusevu mahali pa madirisha muda huohuo, afu ondoa tiki ya kusevu kila ukifunga, ili vurugu za leo zisiwe meza yako ya kesho.